Filamu Isiyo na Bastola

Wanasema filamu kama T-Junction ya Amil Shivji (2017), ambamo wasichana wawili wa Dar es Salaam wanajenga urafiki kwa mazungumzo ya hospitalini, hazina kitu: hakuna bastola, hakuna gari linalolipuka. Sawa. Lakini msemaji huyohuyo, akisikia majirani wa kijijini Kituntu wanagombania mpaka wa shamba la migomba, huacha kahawa yake juani akasikilize hadi shahidi wa mwisho, bila mlipuko hata mmoja. Mtanijibu kwamba kesi ya jirani ni ya bure, na filamu hulipiwa ili mtu asahau shida. Kumbe! Basi shida za jirani ni burudani. Zinazochosha ni zile zinazofanana na zetu.