Nyama Ililiwa na Nani?

Hapa Busia kila mtu ana laini mbili za simu, mifuko miwili ya pesa na hesabu moja tu kichwani. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa nimejiunga na kundi la WhatsApp ambamo watu hunadi vyombo vya zamani, hasa vile vilivyokaa kabatini miaka yote vikimngoja mgeni asiyefika. Kila Ijumaa saa tatu usiku picha hubandikwa, bei ya kuanzia hutajwa, na ikigonga saa nne aliye juu ndiye mshindi. Usiku huo ikaja picha ya birika, vikombe sita na visahani sita, vyote vimejaa mawaridi, na ukingo wa dhahabu. Ni Royal Albert, pambo liitwalo Old Country Roses, lililotolewa Uingereza mwaka 1962. Namba ya muuzaji ilianza kwa 256. Bei ya kuanzia: 3,000.

Nikacheka peke yangu. Namba ya Uganda, basi na shilingi ni za Uganda, na shilingi yetu moja hununua karibu 28 za kwao. Yaani birika la Mwingereza kwa mia moja na kidogo, bei ya chapati na maharagwe! Nikaandika 5,000. Mtu akaweka 5,500. Nikamhurumia. Nikaenda 7,000, akanifuata kwa 7,500. Nikamaliza udhia kwa 9,000, kama tajiri anayetuza arusini. Kundi zima kimya. Nilidhani wanastaajabia ujasiri wangu, kumbe walikuwa wanastaajabia mshahara wa mwalimu.

"Hongera, mwalimu," muuzaji akaandika. "Tuma kwa M-Pesa."

M-Pesa? Kumbe mama yule yuko Malaba, upande wetu huu wa mto, ila nyumbani kwake mtandao wa ng'ambo ndio unaoshika vizuri. Laini ilikuwa ya Uganda. Shilingi zilikuwa za Kenya, zote 9,000. Nijitoe? Aliyepandisha bei mnadani hana pa kujificha, hasa kwenye kundi lenye shemeji zake wawili. Nikatuma.

Asubuhi nikaona heri nimtayarishe mama yangu. Nikamweleza kwamba kauri hii si ya kawaida: udongo wake huchanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, karibu nusu kwa nusu, ndiyo maana ni nyeupe na nyembamba hata mwanga hupenya.

Mama akanitazama kitambo. "Elfu tisa, mifupa," akasema. "Na nyama ililiwa na nani?"

Nikakimbilia historia. Nikamwambia kauri ni jina la zile simbi za baharini pia, na kwamba zamani Buganda walizitumia kama fedha; mpaka leo Waganda wakitaja pesa husema ensimbi, na simbi ndizo hizo hizo kauri. Kwa hiyo sikutumia pesa, mama, nimebadilisha tu, kama wale vijana wa noti pale mpakani.

"Wale," akasema mama, "hurudisha chenji."

Mzigo ulifika Jumatatu kwa pikipiki ya kijana anayeleta mayai ya Uganda kutoka Malaba. Trei kumi zilikuwa zimefungwa nyuma kwa mpira, na juu yake boksi langu limekaa kama bibi harusi. Kilomita 30 hivi, kupitia Adungosi na Alupe, pamoja na matuta yake yote.

"Hakuna kilichovunjika?" nikamuuliza.

"Mwalimu, boda imezaliwa hapa Busia," akasema, na ni kweli: baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka zilianza hapa miaka ya 1960. "Nabeba mayai mia tatu safari moja. Nisipojua mimi, atajua nani?"

Tukafungua. Vyote vizima.

Nikaamua kuvinadi tena ili nirudishe pesa. Wanunuzi wa vyombo hivi hutaka kuona mhuri wa kiwanda, nao hupigwa chini ya kitako. Nikapanga vikombe mezani karibu na dirisha, nikainua birika, nikalipindua nipige picha. Birika lilipinduka vizuri sana. Kifuniko hakikuwa kimearifiwa.

Kiliangukia vikombe viwili, na vyote vitatu vikaaga dunia pamoja. Ndipo nilipowakumbuka wazee wa Pwani, waliojengea mabakuli ya kauri ya China kwenye kuta na nguzo za makaburi. Siku zote nilidhani ni urembo. Sasa naamini kila mji ulikuwa na mwalimu wake.

Sikukata tamaa. Ijumaa nikatangaza: birika lisilo kifuniko, vikombe vinne, visahani sita. Nikaongeza kwamba mwaka 1995, Pierre Omidyar alipofungua kule Marekani mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, tena mbovu, kwa dola 14.83. Kundi likanyamaza. Hata yule wa 7,500 hakukohoa.

Mke wangu alikuwa akisoma nyuma ya bega langu. "Basi mtafute huyo aliyeinunua," akasema.

Jumatatu kijana wa mayai akapita. Bila kuniuliza, mke wangu akamtilia chai kutoka lile birika, mdomo wake umefunikwa kwa kisahani. Kijana akakishika kikombe kwa kiganja kizima, chenye grisi ya mnyororo, akanywa, akakiweka juu ya tangi la pikipiki, akajibu simu, akakichukua tena. Mimi nilikuwa nimechutama pembeni, mikono wazi kama mtu anayengoja embe lianguke.

"Kizuri," akasema, "ila ni cha mtoto. Hamna kile cha bati?"

Nikanyoosha mkono nikipokee.

"Wee, keti," mama akanikemea kutoka barazani. "Mwache akirudishe mwenyewe. Anayevunja tunamjua."