Barua ya Wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali: Unahusika na Kibanda cha Chipsi

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Bariadi. Pole na majukumu ya huko Dodoma, na samahani kwa kukuongezea jingine. Siku halmashauri yoyote huku Simiyu itakapobomoa kibanda cha chipsi pale Somanda, na mama mwenye kibanda akaamua kushtaki, lazima akuunganishe wewe. Ndivyo Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, inavyotaka tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020. Ukisahaulika kwenye hati ya madai, kesi yote inaharibika. Sijui kama ulishawahi kula chipsi zake, lakini ndiyo mmeshaunganishwa.

Kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo mama huyu angelifikia kwa bodaboda akarudi kabla mafuta hayajapoa, halina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya mkubwa kama halmashauri. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu yetu imekuwa Shinyanga: unapanda basi, unapita Maswa, unatokea Mwigumbi. Barabara ni lami safi, na hifadhi yake kisheria ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ni hifadhi hiyohiyo iliyompigia mama X nyekundu ya bomoabomoa.

Tuje kwenye hesabu. Kabla ya kwenda mahakamani, mwananchi anaipa Serikali notisi ya siku 90, nakala kwako na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Notisi ya bomoabomoa ni siku 30 ukibahatika; usipobahatika, saba. Kwa hiyo siku ya nane kibanda ni kifusi, na siku ya 91 mwenyewe ana ruhusa kamili ya kuiomba mahakama izuie kisibomolewe.

Mawakili, Mungu awape heri na wapunguze ada, wamepata upenyo. Unaomba zuio la Mareva, lishikilie hali ilivyo mpaka siku 90 ziishe. Mareva ni meli, Mheshimiwa. Mwaka 1975 wenye meli hiyo walidai kodi yao huko London, wakaomba fedha za aliyeikodi zilizokuwa benki zizuiwe. Leo ukuta wa tofali za kuchoma, katika mji ambao ziwa la karibu ni mpaka uteremke Lamadi, unasimama kwa hisani ya meli ya watu.

Na zuio likipatikana, linamlinda aliyekwenda kuliomba. Januari 2016 Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, ilisimamisha ubomoaji bonde la Msimbazi kwa wale waliofungua shauri. Jirani asiye na jina kwenye orodha alibaki na X yake. Kimara hadi Kiluvya, mwaka 2017, kwenda mahakamani hakukuwasaidia wengine hata hivyo. Nyumba zilishuka.

Sisemi kila kilichojengwa kiachwe. Aliyeweka choo juu ya mtaro wa maji ya mvua akiondolewa, mimi nitamshikia mabati. Ila wengi walijenga Bariadi ikiwa makao ya wilaya tu, chini ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ukaanzishwa 2012, shamba la pamba likawa kiwanja, na ramani ikafika baada ya bati la mwisho kupigwa msumari.

Tena nyumba hizo Serikali inazijua vizuri. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Tulianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa 1,500. Mita haiulizi kibali cha ujenzi. Mwezi unaanza, mama ananunua umeme, jengo lisilotambulika linalipiwa kodi ya jengo, na X iko palepale juu ya mita.

Ombi langu, basi, ni dogo. Tingatinga nalo litoe notisi ya siku 90, nakala kwa mwenye nyumba, kwa wakili wake kama anaye, na kwa mwenyekiti wa mtaa aliyegonga mhuri kwenye hati ya mauziano na kupokea chake. Mwenyekiti asipounganishwa, ubomoaji wote uharibike.

Siku zinaanza kuhesabiwa leo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Bariadi

Nakala: Wakili Mkuu wa Serikali, ili usije ukasema sikufuata utaratibu.