Jalada Tayari, Hadithi Bado

Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa hadithi iliyotoka mtandaoni, katika G21Net. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa walioanzisha jarida la Kwani?. Waandishi wetu, kuanzia Nakuru mjini hadi Kamere kule Naivasha, wameshika nusu ya somo lake: mlango uko mtandaoni. Nusu ya pili, kwamba hadithi ilikuwepo, imewapita kando. Siku hizi hutangulia jalada, likafuata bango la “Inakuja hivi karibuni”, kisha picha ya mwandishi kashika tama akilitazama Ziwa Naivasha. Hadithi yenyewe itaandikwa bando likiisha.

Watasema asiyejitangaza hasomwi, na kwamba wachapishaji wa Nairobi roho yao iko kwenye vitabu vya shule. Kweli, wala sibishi. Lakini waridi la mashamba ya Kamere hufika mnadani Uholanzi likiwa ua, si tangazo la ua. Tena Facebook haijamkataza mtu kubandika sura nzima ya kwanza, bure. Ibandike leo, ndugu mwandishi. Picha zako tumeshaziona.