Kaskazini Imehama, Shemeji

Msichana aliyekaa kwenye meza ya matokeo, wa umri wa kidato cha pili hivi, alivuta karatasi kutoka kwenye kimashine chake, akaisoma, akaikunja mara mbili, ndipo akanipa. Nikamshukuru moyoni kwa kunisitiri. Shemeji hana habari na sitara. Aliipokonya, akaikunjua, akaisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba msikitini: pointi tulizokusanya, 90, tulivyochelewa, dakika 34, jumla, 0. Aliisoma kwa Kiingereza fasaha, maana siku unayoomba Kiingereza chake kiharibike ndiyo siku kinayonyooka. Nyuma yetu walisimama mzee na bibi yake, wote wawili wa miaka sabini na ushei, waliotupita asubuhi tukipanda na wakatupita tena mchana wakirudi. Wakatupigia makofi. Waingereza wanapigia makofi hata sifuri, na afadhali wangecheka.

Mchezo wenyewe ni huu. Mnakwenda wawili, milimani, siku mbili. Ramani mnapewa dakika ile mnapoanza, imechapishwa kwenye karatasi isiyoingia maji, imejaa viduara, na kila kiduara kina pointi zake kwa kadiri kilivyo mbali na kilivyo kibaya. Mnachagua wenyewe mwende vipi na mwanze na kipi. Ukifika kwenye kiduara, kama umefika, unakuta bendera ndogo ya rangi nyeupe na ya machungwa pamoja na kijisanduku cha kuchomeka chipu uliyofungwa mkononi. Hema, jiko, mifuko ya kulalia na chakula mnabeba mgongoni. Mkichelewa mnakatwa pointi, na mkizidisha nusu saa mnanyang'anywa zote. GPS ni marufuku. Na sharti kubwa kuliko yote: wawili msiachane. Sharti hilo naamini lilitungwa na mtu ambaye hakuwahi kuwa na shemeji.

Aliyeuanzisha ni Gerry Charnley, mwaka 1968, na tangu hapo Waingereza hawajaacha. Mwaka 2008, kule Borrowdale katika milima ya Lake District, dhoruba iliwapiga siku ya kwanza tu, barabara zikafurika, mashindano yakavunjwa, na redio zikatangaza kwamba watu zaidi ya elfu moja hawajulikani waliko. Wenyewe walijua vizuri waliko. Wengi walikuwa kwenye mahema yao, wengine kwenye mabanda ya wakulima, wengine wamejibanza kwenye mgodi wa mawe pale Honister. Sisi hakuna redio iliyotutangaza, nasi ndio tuliokuwa hatujui tuliko.

Chanzo cha kupotea kwetu kilikuwa kitabu. Shemeji alikinunua kwenye duka la vitu vya mitumba, kitabu kizuri chenye michoro, cha kufundisha kutumia ramani na dira, kilichochapwa 1974. Alikisoma majira yote ya joto. Ndani yake mna kanuni aliyoihifadhi kama aya: ukishapima mwelekeo kwenye ramani, ongeza nyuzi nane, ndipo uifuate dira. Pale pa kuanzia, ukungu umeshuka hadi magotini, akatamka, "Nane, shemeji."

"Wenzetu mbona hawaongezi?"

"Wenzetu hawasomi."

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili tangu nilielewe sijalala vizuri. Kaskazini ziko tatu. Ipo ya kweli, iliko ncha ambayo dunia inaizunguka. Ipo ya ramani, yaani ile mistari iliyonyooka kwenda juu ambayo wachora ramani wameichora ili mambo yao yawe ya mraba, wakati dunia si ya mraba. Na ipo ya sumaku, inayotiiwa na dira, na hiyo haitulii. Chini huko kwenye kiini cha dunia chuma kilichoyeyuka kinatembea, na kinapotembea sumaku nayo inahama. Pale London, katika karne ya 16, dira ilikuwa inaelekea mashariki kidogo ya kaskazini ya kweli. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imevuka upande wa pili na kufika nyuzi 24 magharibi, kisha ikaghairi ikaanza kurudi. Mwaka 1974, katika milima ile, tofauti ya dira na ramani ilikuwa kama hizo nane. Kitabu hakikudanganya mtu. Lakini Novemba 2022 kaskazini zote tatu zilikutana mahali pamoja, kwenye kijiji cha Langton Matravers, pwani ya kusini ya Uingereza, jambo ambalo halikuwa limepata kuandikwa katika historia ya ramani za nchi hiyo, na kutoka hapo makutano yao yakaendelea kupanda kaskazini. Leo kule tulikokuwa tofauti haifiki hata nyuzi mbili. Yaani mtu asiyesoma chochote, akafuata dira yake kijinga tu, anafika. Aliyesoma anapotea.

Nyuzi nane si nyingi ukizisema. Ukizitembea, kila kilomita moja zinakutupa kando mita 140. Kituo chetu cha kwanza kilikuwa zizi la kondoo, kilomita mbili mbele. Piga hesabu mwenyewe.

Tulipofika pale ambapo zizi lilipaswa kuwa, tulikuta korongo. Si kijimfereji, korongo, lenye maji ya kelele chini. Kwenye ramani hapakuwa na kitu. Shemeji akasema ramani imekosewa. Haikukosewa, na hili nalo lina utamu wake. Mistari ya kontua kwenye ramani ile inaachana kwa mita 15 za kimo, kwa hiyo shimo la mita 14 linaweza kulala katikati ya mistari miwili, halali kabisa, bila mtu yeyote kusema uongo. Na mistari hiyo haikubuniwa Uingereza kwa ajili ya wapanda mlima. Mwaka 1774 mnajimu Nevil Maskelyne alikwenda kwenye mlima Schiehallion, Uskoti, akaning'iniza timazi ili aone mlima unaivuta kiasi gani, apate kukadiria uzito wa dunia nzima. Kukokotoa akaachiwa Charles Hutton, aliyejikuta na rundo la vipimo vya vimo, na ili asirukwe na akili akaunganisha kwa kalamu pointi zenye kimo kimoja. Dunia wakaipima. Sisi tulikuwa tunatafuta zizi.

Mazizi yakapatikana. Matatu. La kwanza halina bendera. La pili halina bendera, lina kondoo mmoja, na kondoo huyo hakuondoka wala hakutupisha. La tatu Shemeji alilizunguka mara nyingi, akiinua mawe, kana kwamba bendera imefukiwa makusudi asiione yeye. Huku nyuma saa inakwenda. Naismith, Mskoti mmoja, aliandika mwaka 1892 kanuni ya kukadiria muda mlimani: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja ya ziada kwa kila futi 2,000 za kupanda. Muda wa kubishana na kaka wa mke wako hakuuwekea kipimo. Na kubishana kwenyewe huwezi kubishana sawasawa. Utamwambiaje "umepotoka" asubuhi, na usiku mnalala hema moja, na Jumapili dada yake ndiye anayepakua chakula?

Hapo akatokea mwanamume mmoja mwenye fulana ya wasaidizi wa mashindano. Karibu yetu kulikuwa na jozi nyingine, vijana wawili wa Kiingereza, ramani wameishika juu chini, wanabishana kwa sauti tuliyoisikia tangu korongoni. Akawapita. Akatujia sisi, akainama kidogo, akauliza polepole, neno moja moja: "Mmepotea?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko ninavyotaka. Siku ile mlima mzima ulijaa watu waliopotea, wamelipa ada ili wapotee, na ndio mchezo. Waliofaa kuulizwa ni sisi. Na saa chache kabla, kwenye foleni ya kukaguliwa mizigo, mtu mwingine alitutazama miguu akauliza kama tunatoka Kenya. Shemeji akamjibu Zanzibar. "Basi leo wengine hatuna bahati," akasema, na akacheka vizuri, bila ubaya wowote. Kilima kirefu kuliko vyote Unguja hakifiki mita 150, na watu wa kwetu wakikimbia ujue daladala inaondoka. Lakini kwa watu wale tuna nafasi mbili tu: ama sisi ni Eliud Kipchoge, ama ni wageni wa kuonyeshwa njia ya barabarani. Watu wawili wa makamo wenye mabegi mazito na kitabu kibovu, hapo hatujawekewa nafasi. Nilimjibu yule bwana kwamba tunapumzika. Shemeji, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuongeza neno.

Zizi lilikuwa la nne.

Usiku hema liliingia maji.

Siku ya pili nilifuata dira bila kuongeza kitu, Shemeji akiwa nyuma anahesabu nane kwa sauti ya chini, tukaona bendera tano, nikapoteza kiatu kwenye matope nikakipata, tukawahi kufika. Pointi za siku ya pili zilijumlishwa na zile za siku ya kwanza, ambazo mnazijua.

Jumapili mezani mke wangu aliuliza ilikuwaje. Kaka yake akaeleza. Katika maelezo yake ukungu ulikuwa mkubwa zaidi, korongo lilikuwa na kina cha mita 50, mazizi yalikuwa tisa, na mimi nilikuwa nachoka choka. Nikala pilau yangu. Baada ya chai akanionyesha kitabu kingine, ambacho amehakikishiwa kimefanyiwa marekebisho. Nikakifungua ukurasa wa mbele: 1986. Humu nyuzi zimepungua, akasema, ni sita tu. Ada ya mwakani ameshalipa, ya watu wawili, na hairudishwi.