Mbuzi wa Susu

Matinyani mama aliyejifungua hunyweshwa: uji wa wimbi wenye maziwa, chai ya maziwa, ili maziwa yake yashuke. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima humwita Susu, hakuacha kikombe changu kikae kitupu. Kwa hiyo mwanangu alipoanza kutoa choo chenye kamasi na nyuzi za damu, mashavu yamechubuka kwa ukurutu, hakuna aliyekishuku kikombe.

Jirani alisema ni meno, na mtoto hajafikisha hata miezi miwili. Shangazi alisema ni jicho baya. Tulipewa dawa ya kuhara damu. Damu ikatulia kidogo, ikarudi.

Daktari wa watoto mjini Kitui ndiye aliyeniuliza mimi ninakula nini. Protini za maziwa ya ng'ombe hupitia kwa mama hadi kwa anayenyonya, na matumbo ya watoto wengine huzikataa, tena baada ya saa kadhaa au hata siku mbili tatu. Aleji hii ya kuchelewa haionekani kwenye kipimo cha damu wala cha ngozi. Hupimwa jikoni: mama aache maziwa majuma 2 hadi 4 huku akiendelea kunyonyesha, kisha ayarudie makusudi.

Susu aliposikia ng'ombe amekatazwa, akamkama mbuzi. Alinipikia chai kwa upendo mtupu, nami nikainywa. Lakini protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe. Damu ikarudi, tukaanza hesabu upya. Nikabaki na strungi, omena na vidonge vya kalisi, nikisoma kila karatasi ya mkate na biskuti kutafuta maziwa ya unga.

Choo kilipokuwa safi na wakati wa kuyarudia maziwa ukafika, nyumba ikawaka. "Amepona, tunamchokoza kwa nini?" baba mtoto aliuliza. Namwelewa hadi leo. Lakini dalili za wachanga huisha zenyewe pia, na bila kuyarudia maziwa mtoto angeweza kuyanyimwa kwa miaka kwa kosa lisilo lake. Nilikunywa. Kabla juma halijaisha, damu ilitoka, na mabishano yakafa.

Wengi wa watoto hawa hupona kati ya mwaka 1 na 3. Wa kwetu alipopita mwaka, daktari akaturuhusu kuanza na maziwa yaliyookwa ndani ya unga, kwa sababu moto mkali wa muda mrefu hubadilisha protini. (Mtoto aliyewahi kuvimba uso au kutapika hadi kulegea hajaribiwi nyumbani, huyo ni wa hospitali.) Hatuna oveni. Susu akaoka keki kwenye sufuria, makaa chini na juu ya kifuniko, akamkatia kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole. Kimya. Akaongezewa. Zikafuata chapati za maji zenye maziwa.

Maziwa mala yalipomrudishia ukurutu, tulirudi kwenye keki, tukangoja, kisha tukajaribu tena. Safari hiyo alimaliza kikombe, akadai kingine.