Magwiji wa mwisho wa reli

Jamani, Waitaliano wasitutambie na makundi yao ya magwiji. Il Volo, mafundi watupu wa rock ile ya madoido, walitoa albamu 1974, wakaongeza nyingine 1975, kisha kila mtu akashika lake. Albamu mbili zote za nini? Sisi Kigoma wimbo mmoja ulitutosha. Mwaka 2012 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwakusanya Diamond, Ali Kiba, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Baba Levo na wenzao, wakaitwa Kigoma All Stars, wakatoa "Leka Dutigite". Diamond na Ali Kiba, wimbo mmoja! Leo thubutu.

Ni kweli, Kigoma ya baadhi yao ilikuwa Tandale ya Dar es Salaam, na mgebuka walimjua akiwa ameshakaangwa. Lakini majigambo yalikolea. Baba Levo alinogewa hadi akawa diwani kupitia ACT-Wazalendo, chama cha Zitto huyohuyo.

Sasa wakubwa, albamu tunaingojea hapa Kibirizi. Dagaa wameanikwa, wamekauka, wameuzwa, wameanikwa wengine. Kama ni nauli ya treni, semeni tuchange.