Maji ya Bibi

Mwaka 2006, nyumbani kwetu Nateete, Kampala, hapakuwa na maji yaliyomwagwa bila Bibi kujua yametoka wapi na yanakwenda wapi. Bomba la jikoni lilitoa maji usiku mmoja, likakauka siku kadhaa, na hakuna aliyeweza kutabiri lingerudi lini. Bibi alizaliwa Mwanza, akaolewa Kampala, kwa hiyo maisha yake yote alikuwa amekunywa ziwa moja. Ndugu zake walipompigia simu kumweleza kwamba hata kwao maji yamerudi nyuma na kuacha mawe wazi, alifunga kanga kiunoni akatuita wote sebuleni.

Hakuwa na hofu ya bure. Ziwa Victoria halikuwa limeshuka kiasi kile tangu miaka ya 1920. Mvua zilikuwa haba, na kule Jinja mabwawa ya Nalubaale na Kiira yalikuwa yamepitisha maji mengi ya ziwa kuliko kipimo kilichokubaliwa tangu enzi za ukoloni, ili umeme upatikane. Katika miaka michache ziwa likapungua zaidi ya mita moja, kisha umeme wenyewe ukaingia kwenye mgao. Na maji ya Kampala wakati ule yalivutwa ziwani, pale Ggaba, kwa pampu za umeme ndipo yapandishwe vilimani. Mvua ikigoma, jiko la Nateete linajua.

Amri za Bibi zilianzia kwenye chakula. Maharage yalipungua, matoke yakaongezeka, kwa sababu matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba huiva kwa mvuke wa maji kidogo tu ya chini ya sufuria. Maji ya kuoshea mchele yaliosha mboga, kisha yakaenda kwenye shina la mpapai. Maji ya kumwogeshea mtoto yalifulia nepi zake, yakapiga deki, na yakifika mwisho kabisa, yakiwa meusi, ndiyo yaliyosafisha choo cha shimo. Jerikeni ya choo ilifungwa kitambaa chekundu shingoni ili asitokee mtu wa kukoroga uji nayo.

Baba Mdogo ndiye aliyepata tabu. Alizoea kutawadha kwa birika zima, maji yakichuruzika mpaka mlangoni. Bibi akampa kopo tupu la maziwa. “Mama, hili halitoshi hata miguu,” alilalamika. “Mwanangu, Mtume alitawadha kwa mudi moja,” Bibi akamjibu, “nayo haifiki lita. Wewe una miguu mingapi?” Baba Mdogo alilichukua kopo, na likamtosha.

Maji ya ziada tuliyafuata chemchemini, bondeni. Sisi watoto na Mama tulipanga foleni kabla ya alfajiri, na kurudi na lita 20 kichwani si mchezo kwa mtoto wa darasa la nne. Nalisema hili kwa sababu watu wazima husifu ubanaji wa maji bila kutaja shingo zinazoyabeba. Chemchemi nyingi za Kampala zimezungukwa na vyoo, kwa hiyo kila tulicholeta cha kunywa kilichemshwa, na kila kilichochemshwa kilikula makaa. Ndiyo maana gunia la makaa lilikaa jikoni, mahali pakavu kuliko pote.

Kisha ukaja usiku mmoja nisiousahau. Ilikuwa zamu yetu ya giza katika mgao wa umeme. Baba Mdogo alirudi na kiu, akapapasa bomba, akalifungua mpaka mwisho, likatoa pumzi tu. Akaenda kulala akiwa ameliacha hivyo. Ndani ya sinki palikuwa na beseni la vyombo lililokuwa limeziba tundu. Maji yalikuja sote tukiwa usingizini, yakajaza beseni, yakajaza sinki, yakashuka sakafuni, yakalowesha gunia la makaa na gunia la unga, yakaingia chini ya godoro letu. Nilidhani ni mafuriko ya mfereji wa Nalukolongo, ambayo sisi wa Nateete tunayajua vizuri, ila hayo huja na mvua.

Bibi hakupiga kelele za lawama. Alilisogeza beseni, akaweka jerikeni chini ya bomba, akaanza kutugawia kazi gizani. Shangazi alijaza sufuria, mabirika, hata karai la kukandia. Mimi na dada yangu tulizoa maji ya sakafuni kwa kizoleo cha taka na vitambaa, tukikamulia kwenye jerikeni yenye kitambaa chekundu. Mama alitoka kugonga milango ya majirani: “Amkeni, maji yamekuja!” Ua mzima ukaamka. Kabla ya adhana ya alfajiri bomba lilikuwa limekauka tena, na mita ilikuwa imehesabu yote, ya jerikeni na ya sakafu.

Asubuhi Bibi aliomba koleo, akang'oa kishikio cha bomba na kukifunga kwenye pindo la kanga yake. Atakaye maji amwone yeye. Baba Mdogo alianika makaa juani siku nzima, na alipomaliza akapanda kutazama paa.

Hesabu aliyotufanyia ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati, ni lita moja. Upande mmoja wa paa letu ulikuwa na mita za mraba 25. Mvua ya milimita 10 tu ingetoa lita 250. Akakunja mabati kuukuu yawe mfereji, akaelekeza kwenye pipa la lita 200, akalifunika kwa chandarua kilichochakaa.

Mvua ya kwanza ya masika Bibi hakuiruhusu iingie pipani. Bati lilikuwa na vumbi la barabara ya Masaka na kinyesi cha korongo, akasema, acheni lijioshe. Ya pili ilijaza pipa kabla ya adhuhuri, na Baba Mdogo akatoka kwenda kuulizia bei ya pipa jingine.